Mafuta ya Mbono, Ardhi ya Nani?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, mjadala uleule huanza upya hapa Arusha. Katika vijiwe vya madereva wa watalii, katika gereji za Unga Limited na hata katika vyumba vyetu vya semina, hakosekani anayeuliza kwa nini nchi yenye ardhi na jua iendelee kuagiza dizeli yake kwa meli. Swali hili lilipamba moto mwaka 2022, lita moja ilipovuka shilingi 3,000, na tangu hapo halijazimika. Jibu linalotolewa haraka ni bayodizeli: tupande mimea ya mafuta, tukamue, tujaze matangi, fedha za kigeni zibaki nyumbani na hewa ya mbugani iwe safi.

Nimelisikia jibu hili likitolewa kwa moyo mweupe, na wengi wanaolitoa ni vijana ninaowaheshimu. Hata hivyo naona linaruka hatua muhimu. Kwamba gari la dizeli linaweza kwenda kwa mafuta ya mimea hakuna shaka, na mtu anayebishana juu ya hilo anapoteza muda wake. Ugumu uko shambani, kabla tone la kwanza halijafika kwenye tangi. Anayeishi upande huu wa Mlima Meru, kuanzia Usa River hadi Momela na Ngare Nanyuki, ana sababu za kihistoria za kuuliza kuhusu shamba kabla ya kuuliza kuhusu injini.

Hata hivyo tuanze na injini, kwa kuwa humo mna mengi yanayosemwa kwa kukosea.

Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kwa hiyo mafuta ya mimea ni rafiki wa zamani wa injini hii. Lakini mafuta ghafi ya mimea ni kitu kimoja na bayodizeli ni kitu kingine, na kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakoua magari. Mafuta ghafi ni mazito. Hayarushwi vizuri na nozeli, huacha masizi magumu katika chumba cha mwako, na polepole hushuka hadi kwenye oili ya injini na kuiharibu. Bayodizeli hupatikana baada ya mafuta hayo kuchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, kwa kawaida kostiki soda, hadi gliserini ijitenge na kushuka chini. Kinachobaki juu, kikishaoshwa na kukaushwa, ni kimiminika chepesi kinachokaribiana sana na dizeli ya kawaida. Anayemwaga mafuta ya chipsi yaliyochujwa kwa kitambaa moja kwa moja kwenye tangi la gari lake asije akasema ametumia bayodizeli na imemwangusha.

Ikitengenezwa sawasawa, faida zake ni za kweli. Haina salfa ya kutajika. Hulainisha pampu na nozeli vizuri kuliko dizeli iliyoondolewa salfa. Haishiki moto kwa urahisi, kwa hiyo kuihifadhi na kuisafirisha kuna hatari ndogo zaidi. Kuhusu moshi, uchambuzi uliofanywa na wakala wa mazingira wa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa mchanganyiko wenye asilimia 20 ya bayodizeli ya soya hupunguza chembe za masizi kwa takriban asilimia 10, monoksidi ya kaboni kwa asilimia 11 na mabaki ya mafuta yasiyoungua kwa asilimia 21, huku oksidi za naitrojeni zikiongezeka kidogo, kwa asilimia 2 hivi. Anayefuata nyuma ya lori la nyanya linalopanda kutoka Ngare Nanyuki anajua masizi ni kitu gani. Kuyapunguza hata kwa sehemu moja ya kumi si jambo la kubezwa.

Gharama zake pia ni za kweli. Lita moja ya bayodizeli safi ina nishati pungufu kwa asilimia 8 hivi, basi dereva atajaza mara nyingi zaidi. Bayodizeli huosha. Ikiingia kwenye tangi la gari kuukuu huyeyusha uchafu wa miaka mingi na kuusukuma hadi kwenye filta, na gari husimama mahali pabaya. Mipira asilia ya mabomba na sili za magari ya zamani hulainika na kuvuja. Huvuta maji, na ikikaa miezi mingi huchacha. Halafu kuna baridi, suala ambalo watu wa Dar es Salaam hawana sababu ya kulifikiria. Lango la Momela liko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Bayodizeli ya mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 15 au 13. Usiku wa Julai katika maeneo hayo hushuka chini ya hapo bila shida, na msafara wa watalii ulioamka saa kumi na moja alfajiri hautapenda kusubiri tangi liyeyuke.

Magari yenyewe hayako sawa. Land Cruiser nyingi za utalii zinazotembea hapa bado zina injini ya kizamani yenye pampu ya kimakanika; hizo huvumilia mchanganyiko wa asilimia 20 bila malalamiko makubwa, mradi filta zibadilishwe mapema mwanzoni. Injini mpya zenye shinikizo kubwa la kielektroniki ni dhaifu zaidi upande huu, na si ajabu kwamba kiwango cha dizeli ya kawaida katika Umoja wa Ulaya huruhusu bayodizeli isiyozidi asilimia 7. Fundi mwangalifu anaweza kuyamudu haya yote. Ndiyo maana nasema injini si kikwazo chetu.

Sasa twende shambani. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kwamba Arusha ilikuwa kama makao makuu ya ndoto ya mbono kaburi. Mmea huu ulikuwa umezoeleka tangu zamani. Watu waliupanda kuweka alama ya makaburi na kuzungushia maboma, kwa sababu mifugo haiugusi. Ni sumu. Shirika la KAKUTE la hapa Arusha lilihamasisha akina mama wa Monduli kukusanya mbegu na kukamua mafuta. Huko Engaruka, TaTEDO ilifunga injini iliyokusudiwa kuendeshwa kwa mafuta ya mbono ili kusaga nafaka na kutoa umeme kwa nyumba za kijijini. Kampuni ya Diligent, yenye mizizi Uholanzi, ikaweka makao yake hapa na kununua mbegu kutoka kwa wakulima wadogo waliopanda mbono kama uzio. Tarehe 30 Desemba 2008 Air New Zealand ilirusha ndege ya Boeing 747 kutoka Auckland, injini yake moja ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya mbono, na sehemu ya mbegu zake ilielezwa kutoka kusini-mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwamo. Kwa muda mfupi ilionekana kama ua wa boma la Monduli umeunganishwa na anga la dunia.

Hesabu ndiyo iliyoangusha ndoto ile. Kupata lita moja ya mafuta ya mbono kunahitaji takriban kilo 4 za mbegu, na mashine duni huhitaji zaidi. Chukua safari moja ya siku nne kutoka Arusha hadi Serengeti na kurudi, pamoja na mizunguko ya kutazama wanyama, tuseme kilomita 900. Gari lililojaa hunywa lita 13 au 14 kwa kilomita 100, basi lita 120 hivi. Hizo ni kilo 480 za mbegu, kila tunda limechumwa kwa mkono na kumenywa kwa mkono, kwa ajili ya gari moja na safari moja. Mama wa Monduli anayelipwa kwa kilo atalipwa kiasi gani ili dereva wa Arusha aone bei ina nafuu kuliko kituo cha mafuta? Akilipwa vizuri, bayodizeli ni ghali. Bayodizeli ikiwa rahisi, yeye ndiye aliyeibeba nafuu hiyo mgongoni. Akina mama wenyewe walilijua hili mapema kuliko wataalamu: waliokuwa na mafuta ya mbono waliona sabuni inalipa kuliko nishati, na wakatengeneza sabuni.

Kuna pia ule uzushi kwamba mbono hustawi katika ardhi kame isiyotumika. Mbono huvumilia ukame, ni kweli, lakini kuvumilia ni kubaki hai. Bila maji na rutuba hauzai mbegu za kutosha biashara. Na hiyo ardhi kame isiyotumika iko wapi? Nyanda zinazoonekana tupu kwa mtu aliye kwenye dirisha la ndege ni malisho ya msimu. Mfugaji wa Kimaasai akiondoka Machi haina maana kwamba hatarudi Septemba.

Pale ambapo wakulima wadogo hawakuweza kutoa mbegu za kutosha, wawekezaji walitaka mashamba makubwa. Hapa ndipo historia ya bayodizeli ya Tanzania inapokuwa chungu. Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 huko Kisarawe, katika ardhi iliyotoka kwenye vijiji kadhaa, kwa ahadi za visima, zahanati, barabara na ajira. Mwaka 2011 kampuni ilifilisika, wafanyakazi mamia wakaachishwa, na shamba likauzwa kwa wawekezaji wengine. BioShape ya Uholanzi ilikusudia kupanda mbono katika hekta zipatazo 34,000 huko Kilwa, eneo lenye misitu ya asili yenye thamani, na mwaka 2010 nayo ikafilisika. Serikali ilikuwa imesimamisha ugawaji mpya wa ardhi kwa miradi ya namna hii mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatoa miongozo. Miongozo ile ilikuja ng'ombe wakiwa wameshatoka zizini.

Ningependa watumishi wa umma wanaosoma hapa wakae kidogo juu ya upande wa sheria, kwa kuwa kufilisika kwa kampuni si jambo la ajabu na kampuni hufilisika kila mahali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 huipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, chini ya mkutano mkuu. Lakini ili mwekezaji wa kigeni apewe haki ya kuitumia, ardhi hiyo kwanza huhamishwa na kuwa ardhi ya jumla. Ikishahamishwa, kijiji si mwenye nyumba anayesubiri mpangaji aondoke. Kijiji kimetoka kabisa katika picha. Mradi ukifa, ardhi hairudi yenyewe. Inabaki kuwa ya jumla, au hati inahamia kwa mnunuzi ambaye wanakijiji hawakukaa naye katika mkutano wowote. Zahanati iliyoahidiwa haikuwa sharti la hati. Kwa hiyo hatari yote ya biashara ya mafuta ya mimea, ambayo kwa kawaida hubebwa na mwenye mtaji, ilibebwa na watu wa Kilwa na Kisarawe ambao hawakuwa na hisa hata moja.

Kwa watu wa Momela na Ngare Nanyuki jambo hili halihitaji maelezo marefu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili kupisha mpango wa ufugaji wa walowezi. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu na ya maendeleo: ardhi ile ingetumiwa vizuri zaidi na wengine. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, na kesi ya ardhi ya Wameru ikawa moja ya ngazi za siasa za uhuru wa Tanganyika. Walowezi wenyewe hawakufanikiwa kama walivyoahidi. Silinganishi uhamishaji ule wa mabavu na mkataba wa uwekezaji uliopitia taratibu za kisheria. Tofauti ni kubwa. Nalinganisha hoja. Sentensi inayosema ardhi fulani haitumiki ipasavyo ina umri mrefu katika mlima huu, na kila inaporudi ikiwa imevaa vazi jipya, kijani safari hii, tuna haki ya kuichunguza pindo kwa pindo.

Upo pia upande wa chakula. Tanzania haijitoshelezi kwa mafuta ya kula. Alizeti ya Singida na Dodoma haijafuta pengo hilo, na tunaagiza mawese kutoka Asia. Aprili 2022 Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese duniani, ilizuia kwa wiki kadhaa kuuza mafuta hayo nje kwa sababu mafuta ya kupikia yalikuwa yameadimika na kupanda bei kwao. Nchi hiyohiyo imekuwa ikilazimisha dizeli yake ichanganywe na bayodizeli ya mawese, kiwango kikifika asilimia 40 mwaka 2025. Wachambuzi wengi wameeleza jinsi tangi la gari na kikaango vinavyogombea pipa moja. Indonesia ina mawese ya kugombewa. Sisi tunaoagiza mafuta ya chapati, tukianza kuchoma alizeti barabarani tutakuwa tunaagiza lita moja ili tuchome nyingine. Anayependekeza jambo hilo kwa jina la kuokoa fedha za kigeni anidai karatasi na kalamu nimkokotolee.

Baadhi ya wanafunzi wangu, wakifika hapa, huhitimisha kwamba bayodizeli yote ni ulaghai wa mabeberu na itupwe. Siendi nao. Mafuta yaliyokwisha kukaangia katika hoteli za Arusha na kambi za watalii hayahitaji hekta hata moja. Lita moja ya mafuta hayo hutoa karibu lita moja ya bayodizeli. Leo mengine humwagwa mitaroni, na mengine huuzwa kwa bei poa kwa wakaangaji wadogo ambao huyachemsha tena na tena hadi yawe meusi, kisha sisi tunayala. Kuyaondoa katika mnyororo huo ni faida kwa afya, ingawa ni lazima tukubali kwamba mama anayekaanga mihogo pembeni ya stendi atakuwa amepoteza mafuta yake ya bei poa, na mpango usiomfikiria utakuwa umemtoza yeye kodi ya hewa safi ya mtalii. Nafasi ya mbono pia haijafungwa kabisa: ua wa boma unaozaa mbegu bila kuondoa mahindi wala malisho una haki ya kuwa na mnunuzi, hata kama mnunuzi huyo ni mtengeneza sabuni. Na mashudu yake, ambayo ng'ombe hawezi kula kwa sababu ya sumu, yanafaa kuwa mbolea.

Ukubwa wa jambo hili ni mdogo, na nadhani udogo huo usemwe wazi. Mafuta ya kukaangia ya mji mzima hayawezi kuendesha misafara yote ya watalii, sembuse malori na mabasi. Yanaweza kuchanganywa kwa asilimia chache katika magari ya kampuni kadhaa zenye gereji zake, tangi lake na fundi wake. Kwa anayeota uhuru wa nishati hilo linakatisha tamaa. Kwangu mimi, mradi mdogo unaoweza kufa bila kuchukua ardhi ya mtu ni bora kuliko mkubwa unaoacha kijiji kikizunguka maofisi kuuliza hati iko wapi.

Kwa wanaoandaa sera, basi, ombi langu ni la mpangilio. Kabla ya kuandika kiwango chochote cha lazima cha kuchanganya bayodizeli katika dizeli yetu, Wizara ya Nishati ikae na wenzao wa Ardhi na wa Kilimo na kujibu kwanza mafuta hayo yatatoka katika zao gani, wilaya gani na ardhi ya aina gani. Kiwango cha lazima huzaa soko, na soko lisilo na mali ghafi litatafuta ardhi kwa kasi ileile ya mwaka 2008. Sheria iseme pia kwamba ardhi ya kijiji iliyohamishwa kwa mradi maalumu hurudi kijijini mradi huo ukifa, bila kijiji kulazimika kuiomba. Na TBS ipime bayodizeli inayouzwa mitaani kama inavyopimwa bidhaa nyingine yoyote, kwa maana pipa moja chafu lililoua pampu ya dereva mmoja litawakimbiza madereva wote wa mji.

Wenye kampuni za utalii hawana haja ya kungoja hayo yote. Magari mawili au matatu ya injini ya zamani, mchanganyiko wa asilimia 10 hadi 20 wa mafuta ya jikoni mwao wenyewe yaliyotengenezwa vizuri, daftari la lita zilizotumika, filta zilizobadilishwa na asubuhi zilizogoma kuwaka. Njia iwe Momela na ukingo wa Ngorongoro, na majira yawe Juni na Julai, kwa sababu jaribio la Januari halitatuambia chochote kuhusu baridi. Daftari hilo lichapishwe, likiwa na mabaya yake, na nakala ipelekwe wizarani.